Nyasi Nilizotundika Getini

Isinya, Jumatatu ya mwezi wa tisa, jioni kabla ya kupika.

Leo niko ofu. Upepo ulianza kabla hatujanywa chai ya asubuhi na haujapumzika hadi sasa. Nimefuta meza mara mbili na bado naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Redio inasema mvua itakuja mwezi ujao. Redio ilisema hivyo hivyo mwaka jana.

Nataka kuandika jambo hili kabla sijaanza kulipamba, maana najijua. Jana nilisamehewa kosa ambalo sikuwa nimeliombea msamaha. Jirani aliniletea msamaha hadi nyumbani, nami nikaupokea kwa mikono miwili, nikamwandalia chai, nikamsindikiza hadi getini. Muda wote huo niliamini kwamba alikuwa amenielewa vibaya, na sikumwambia.

Wacha nianze na nyasi.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa, dada yangu akiwa mmoja wenu, mnajua nafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupanga. Kutwa nzima nasimama mbele ya meza nikishika waridi. Napima urefu wa shina, naangalia kichwa, lililopinda natupa. Nimefanya hivyo miaka sita, na matokeo yake ni kwamba siwezi kuona ua ndani ya nyumba yangu bila kulikagua. Mume wangu Kyalo aliwahi kuniletea waridi, mwaka wetu wa kwanza hapa. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama shina limenyooka. Hajaleta tena, na simlaumu.

Kwa hivyo nikitaka kupamba nyumba, napamba kwa vitu vilivyokauka. Maganda ya mbegu, vijiti, manyoya ya ndege, mawe. Vitu ambavyo hakuna mtu atavipima urefu.

Ijumaa binti yetu Mutheu, ambaye ana miaka kumi na mmoja na anajua kutumia simu yangu kunishinda, alinionyesha picha za milango ya nchi za baridi. Huko saa hii majani ya miti yanageuka rangi, yanaanguka, na watu wanayaokota na kusuka mataji ya kutundika mlangoni. Wanaweka na maboga kwenye ngazi, mazima, ya kuangalia tu. Mutheu alishangazwa na maboga. Alitaka kujua yanapikwa lini.

Kisha akauliza majira hayo yanaitwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia vuli, maana ndivyo nilivyofundishwa shuleni. Akasema mwalimu wake anasema vuli ni mvua fupi. Tulitazama nje pamoja. Hatukuwa na majani ya kuanguka na hatukuwa na mvua fupi. Tulikuwa na nyasi kavu, na hizo tulikuwa nazo za kutosha, kwa sababu ndani ya ua wetu hakuna mnyama anayeingia na nyasi zimesimama mpaka magotini.

Jumamosi tukaingia kazini, mimi na yeye. Tulikata nyasi zile za rangi ya chai ya maziwa, zenye vichwa laini, tukazifunga vicha vidogo vidogo. Ukitaka kujaribu nyumbani, zinyunyizie maji kidogo kwanza na uziache kama dakika kumi. Ukizisuka zikiwa kavu kabisa zinakatikia mkononi, na utaanza kutukana nyasi. Tulipata pia maganda ya mgunga yaliyojikunja, na manyoya manne ya kanga aliyokuwa nayo Mutheu kwenye mkebe wake.

Halafu nikafanya kosa la mtu wa kuja. Kule nyuma ya ploti, kwenye udongo mweusi, kuna ile miti mifupi ya miiba yenye vinundu vyeusi vyenye matundu, ambayo upepo ukipita inapiga mluzi. Nimekuwa nikivitamani vile vinundu tangu tuhamie. Ni vyeusi, ni vya duara, vinang'aa, na havinunuliwi. Nikavunja vijiti vitano nikavileta ndani, nikaviweka kwenye meza ya sebuleni karibu na kochi, ambapo Kyalo alikuwa amekaa na kaptura akiangalia mpira.

Kila mtu aliyezaliwa upande huu anajua kwamba ndani ya kila kinundu kuna familia nzima ya sisimizi wenye hasira. Mimi nilizaliwa Makueni.

Sitaandika alichosema Kyalo. Tulitoa kochi nje, na Mutheu alicheka mpaka akakaa chini. Vinundu nikavitia kwenye ndoo ya maji ya sabuni mpaka vikanyamaza, na mwishowe vilipendeza sana.

Kyalo ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, kwa hivyo waya haukosekani hapa. Licha ya hasira alinikunjia duara moja zuri, tukalizungushia vicha vya nyasi kimoja juu ya kingine, kichwa cha hiki kikifunika mguu wa kile, tukafunga kwa waya mwembamba. Maganda upande mmoja, vinundu vitatu, manyoya ya kanga juu. Lilikuwa taji zuri. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa najisifu. Saa kumi tukalitundika getini, upande wa nje, ili wapitao waone.

Wapitao si wengi. Geti letu linaangaliana na boma la Mama Nashipae, barabara ya murram ikiwa katikati.

Sasa lazima nimweleze Mama Nashipae, na hapa ndipo kidole kinakuwa kizito.

Tulipohamia hapa miaka minne iliyopita, nyumba haikuwa na mlango wa nyuma na hatukumjua mtu. Siku ya pili mama mmoja alivuka barabara akiwa na kibuyu cha plastiki cha maziwa yaliyochemshwa, akasema yeye ni Mama Nashipae na mtoto wangu ni mwembamba. Hakuuliza ningependa au la. Aliendelea kuleta. Binti yake Nashipae na Mutheu wetu wakawa darasa moja, dawati moja, na hata mafua wakawa wanapata pamoja. Ananizidi umri kwa miaka kama kumi na tano. Ndiye aliyenionyesha ni mti gani hautoi moshi na ni upande gani wa ploti maji yanasimama mvua ikinyesha.

Ploti yetu, kabla haijawa yetu, ilikuwa malisho ya baba mkwe wake. Mzee aliuza miaka mingi kabla yetu, alipotaka kuuza, na Mama Nashipae, ambaye alikuwa ameolewa juzi tu, hakuulizwa. Aliwahi kunionyesha akicheka kwamba pale jikoni kwangu, mahali sufuria zinapokaa, ndipo ng'ombe walipokuwa wakipita kwenda kunywa maji. Aliniambia hivyo akiwa amekaa jikoni humo humo, akichambua mboga nami.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mbuzi wake waliingia kwetu. Walikula sukuma wiki yote, wakala na mche wa parachichi niliokuwa nimeubeba kutoka kwa mama yangu. Nitaandika ukweli ambao sijamwambia hata Kyalo: geti lilikuwa wazi kwa sababu mimi ndiye niliyeliacha wazi nikikimbilia zamu.

Jioni hiyo nikaenda kuteka maji kwenye bomba. Kulikuwa na foleni ya kina mama, karibu wote watu wa ploti kama mimi, wa kutoka Machakos, wa kutoka Murang'a. Nikaanza kuwaeleza habari za sukuma yangu, nikaona wananisikiliza vizuri, nikanogewa. Nikasema: "Hawa watu hawajui mpaka. Wameuza shamba na bado wanachunga ndani."

Mmoja wao akaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Mama Nashipae alikuwa amesimama pale na mtungi wake.

Aliinua mtungi wake ukiwa mtupu, akaenda zake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kingekuwa kimepona kufikia Pasaka. Maziwa yaliacha kuja. Nashipae alihamia dawati lingine. Tulipokutana barabarani yeye aliangalia chini na mimi niliangalia simu. Miezi minane, barabara moja ya murram, hatua kama ishirini, na sikuvuka hata mara moja. Nilijiambia nangoja hasira zake zipoe. Alikuwa hajawahi kunionyesha hasira yoyote. Aliyekuwa na kitu cha kupoa ni mimi, na kitu chenyewe kilikuwa aibu.

Basi, jana.

Tulikuwa tumerudi kanisani, saa tisa hivi, nachagua mchele. Nikasikia mtu getini. Nikatoka, nikamkuta Mama Nashipae amesimama nje akiwa amevaa shuka yake ya Jumapili, mkono mmoja juu ya taji langu la nyasi. Nashipae alikuwa nyuma yake.

"Takwenya," akaniambia.

Hiyo ndiyo salamu ya Kimaasai kwa mwanamke, na aliyenifundisha kuijibu ni yeye. "Iko," nikajibu, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Akaingia. Akakaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha, ambacho kilikuwa chake. Wasichana walitazamana kama dakika nzima, kisha wakapotea nyuma ya nyumba na tukaanza kusikia wanacheka. Nikashindwa pa kuweka mikono. Yeye akatulia kabisa.

"Nimeona nyasi kwa geti," akasema.

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba ni mambo ya Mutheu, picha za kwenye simu. Lakini yeye aliendelea.

"Kwetu mtu akishika nyasi, huyo huwezi piga tena. Hata kama alikosa aje. Anang'oa nyasi, anashika hivi, inaisha." Akakunja ngumi polepole kunionyesha. "Yako ni kavu. Lakini ni kiangazi, mbichi ungetoa wapi."

Nilielewa papo hapo. Mama huyu alikuwa amepita mbele ya geti langu, ameona nyasi, na amesoma kwamba namwomba amani. Mimi niliyezitundika nyasi zile nilikuwa nawaza habari za maboga.

Hapo ndipo mahali pa kusema. Nimelirudia tukio hili kichwani tangu jana na najua kabisa kwamba hapo ndipo palikuwa mahali pake, pana na wazi, na mtu yeyote mwenye akili angeingia.

Nikasema, "Karibu chai."

Alikunywa. Kikombe kilipoisha alinyamaza akiangalia dirishani, na mimi, kwa kuogopa ule ukimya, nikamwaga kingine. Akanywa hicho pia. Alinieleza habari za ng'ombe wake aliyezaa, na ndama anayekataa kunyonya upande mmoja. Nikamweleza habari za kochi na sisimizi, akacheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Nyinyi watu wa Ukambani." Kisha akasimama, akamwita Nashipae, nikamsindikiza, akavuka barabara.

Nilirudi ndani nikiwa na furaha. Hiyo ndiyo sehemu mbaya na nataka iandikwe. Sikuhisi hatia yoyote kwa dakika kama thelathini. Nilifurahi kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha na mimi sikuwa nimelitamka lile neno. Nilikuwa nimeogopa miezi minane kwamba siku moja nitalazimika kumwangalia usoni na kulirudia, na kumbe nyasi zimenisaidia kuruka.

Ndipo Mutheu akaja akiwa na uso unaong'aa. Alisema Nashipae anarudi dawati lao kesho. Akasema, "Mami, kumbe uliomba msamaha. Nilidhani ni urembo tu."

Aliniangalia kwa heshima. Sijui lini mara ya mwisho mtoto huyu ameniangalia kwa heshima namna ile, na haikuwa yangu.

Nilimweleza Kyalo tukila. Alisikiliza mpaka mwisho akitafuna, kisha akasema, "Wacha hivyo. Kitu imejishika yenyewe, wewe unataka kugonga ya nini? Ukigonga weldi na ivunjike, ni wewe umevunja."

Ni maneno ya maana, na angekuwa mtu mwingine ningeyakubali. Lakini nimemwona Kyalo akigonga kila kiungo cha geti kwa nyundo kabla hajalipeleka kwa mwenyewe. Anasema kiungo kisichogongwa kitakuaibisha mbele ya watu. Nilimkumbusha. Akasema geti ni geti na Mama Nashipae ni Mama Nashipae, akaongeza mboga.

Nikajaribu kumsikiliza mume wangu, kitu ambacho sikifanyi mara nyingi. Nilijiambia amani ni amani, haina haja ya kuulizwa imetoka wapi. Nilijiambia pengine ni Mungu. Nilijiambia nikimweleza sasa nitamuumiza mara ya pili: ataona kwamba alivuka barabara na umri wake wote kuja kusamehe pambo la mlango. Hiyo sababu ya mwisho ilikuwa nzuri sana, karibu inishinde. Nina kipaji cha kupata sababu nzuri za kufanya kitu rahisi.

Leo asubuhi Nashipae alipita kumchukua Mutheu waende shule, na mkononi alikuwa na kile kibuyu cha plastiki. Maziwa, moto bado. Mutheu alikunywa kikombe kizima amesimama. Mimi nilimimina yangu kwenye chai, nikaangalia, nikashindwa. Nilikaa na chai ile mpaka ikafanya utando.

Saa kumi nikavuka barabara.

Alikuwa nje ya boma, amechuchumaa, anakatakata mabua ya mahindi kwa panga juu ya gogo. Kiangazi hiki amekuwa akilisha ng'ombe wake mabua. Ng'ombe wawili walikuwa wamesimama nyuma ya ua wa miiba wakimwangalia, na mbavu zao zilikuwa za kuhesabika. Mimi ninayeishi hatua ishirini kutoka hapo nilikuwa nimechukua nyasi nikazifanya urembo. Hilo nalo lilikuwa halijanijia mpaka nilipowaona.

Nilimsalimu. Nikasema nimekuja kusema kitu na aniache nimalize. Nikamwambia zile nyasi sikuziweka kwa ajili yake. Nikamwambia sikujua maana yake, kwamba ni mchezo tuliouona kwenye simu, kwamba jana alipoeleza niliona aibu na furaha kwa pamoja nikanyamaza. Nilisema haraka, na nilipomaliza nilikuwa nimeshika kona ya leso yangu kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Hakuacha kukata. Panga lilipanda likashuka mara tatu nne.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Nashipae aliniambia Jumamosi. Mutheu alikuwa amemwambia hapo kwa bomba, ati mnatengeneza kitu ya wazungu." Akasukuma mabua yaliyokatwa upande mmoja. "Na hata kama hangeniambia. Umefunga na waya. Umeweka na manyoya ya kanga. Nani anaomba msamaha na manyoya ya kanga?"

Nilicheka. Kicheko kilinitoka tu. Yeye alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, na akaendelea.

"Nilikuwa nimechoka, Mama Mutheu. Kila siku napita hapo naangalia chini kama mwizi, na sijaiba. Nikaona hiyo nyasi nikasema, sawa, huyu ameweka bila kujua, mimi nitaingia na hiyo. Nikakuja mpaka kwa kiti yako. Nikakaa. Nikakufungulia maneno. Nikangoja useme."

Akasimamisha panga.

"Ukanipatia chai. Nikasema, labda anataka nimalize kikombe kwanza. Nikamaliza. Ukanipatia ingine."

Mimi nilikuwa nimekaa jana nzima nikiamini kwamba yeye ndiye aliyekosea maana, na nikamhurumia. Kumbe alikuwa ananishikia mlango. Alikuwa amenirahisishia mpaka nyasi akazipa maana yeye mwenyewe, na kilichobaki kwangu kilikuwa sentensi moja.

"Sasa ile maneno ulisema kwa bomba," akasema. "Hiyo bado."

Alisema bila ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau mfuko wako.

Nilichuchumaa ili nisiwe nimesimama juu yake. Nilikuwa nimejiandaa njiani kusema kwa ujumla, yale maneno ya kwamba kama nilikukosea unisamehe, ambayo tunayasema kanisani tukishikana mikono na watu ambao hatujui tumewakosea nini. Hayo niliyaacha. Nilisema lile lile, kama lilivyokuwa. Nikasema: nilisema nyinyi hamjui mpaka. Nilisema mmeuza shamba na bado mnachunga ndani. Nilisema mbele ya watu. Na geti nililiacha wazi mimi. Nilikosea.

Hilo la geti alikuwa halijui. Niliona uso wake ukibadilika.

Aliangalia ng'ombe, akaangalia upande wa kwetu, ambako ukuta wa jikoni kwangu unaonekana kutoka pale alipokuwa. Mimi sikuangalia. Nilikuwa nangoja aseme imeisha. Ndilo neno nililolitaka, na nilikuwa na hakika nalo, maana jana alikuwa amelisema kwa hiari yake, akikunja ngumi, inaisha. Nilidhani nikishatoa langu atatoa lake.

"Nimesikia," akasema.

Kisha akachukua panga lake. Sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka au kubaki. Rundo la mabua lilikuwa karibu nami kuliko naye, kwa hivyo nikaanza kumpokeza, moja moja, na yeye akawa anapokea na kukata. Nilirudi nyumbani rundo lilipokwisha, mikono ikiniwasha.

Mutheu sasa hivi yuko mezani anafanya kazi ya shule, Nashipae yuko upande wa pili wa meza, vichwa vyao vinakaribia kugongana. Kyalo amefika, ameuliza nimefanya nini, nikamwambia nimegonga. Ameuliza imeshika? Nimemwambia sijui.

Na kweli sijui. Nimekuwa nikiandika hapa tangu nirudi nikijaribu kulifanya lile neno liwe kubwa kuliko lilivyo. Nimesikia si sawa na nimesamehe. Si sawa pia na ondoka. Nimeona moyo wangu ukianza tayari kunung'unika, ukisema, si nimesema kila kitu, si nimesema hata la geti, anataka nini zaidi?

Nimeuambia ukae chini. Yeye amengoja miezi minane. Mimi nimengoja tangu saa kumi.